Majina Ambayo Hayakuwamo Kwenye Orodha

Kwa miaka sita mfululizo nimepanga bajeti ya zawadi za sikukuu za mwisho wa mwaka, na miaka minne kati ya hiyo bajeti ilinishinda. Naandika kilichonishinda na kilichokuja kunisaidia, kwa sababu najua wapo wengi wanaoingia Desemba na nia njema, wakatoka Januari na deni, kisha wakajiona wazembe. Mimi sikuwa mzembe. Nilikuwa napiga hesabu nzuri juu ya orodha pungufu, tena nilikuwa naificha.

Nakumbuka jioni moja ya katikati ya Januari, mwaka ule wa kwanza. Watoto wamelala, mume wangu ameketi upande wa pili wa meza, na mimi nimetandaza mbele yangu risiti zote nilizozikuta kwenye mkoba na kwenye mifuko ya makoti, pamoja na taarifa ya benki. Nilikuwa nimejiwekea kikomo cha asilimia 10 ya mshahara wa mwezi. Nilipomaliza kujumlisha, kikokotoo kilionyesha kwamba nimetumia asilimia 34. Nikarudia mara tatu nikidhani nimebonyeza vibaya. Mume wangu akakichukua, akajumlisha yeye, akakirudisha mezani bila kusema neno. Ziada yote ilikuwa imetoka kwenye kadi ya mkopo.

Kilichonishtua zaidi ya kiasi chenyewe ni kwamba zawadi nilizokuwa nimezipanga, yaani za watoto, za mume wangu, za mama yangu na za mama mkwe, zilikuwa ndani ya kikomo. Nilizinunua kwa bei ile ile niliyokadiria. Pesa zilikuwa zimepitia mlango mwingine. Kulikuwa na mwalimu wa mtoto. Kulikuwa na jirani aliyetuletea zawadi asubuhi, nami nikakimbia dukani mchana ili nisilale bila kurudisha. Kulikuwa na mpwa aliyekuja likizo na rafiki yake bila taarifa, na huwezi kumpa mmoja ukamwangalia tu mwenzake. Kulikuwa na mchango wa kazini wa zawadi ya bosi, kisha kubadilishana zawadi idarani. Juu ya hayo yote, karatasi za kufungia, kadi, utepe, nauli, makato ya kutuma pesa, na betri za mwanasesere ambaye boksi lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi ndogo kwamba betri huuzwa kando.

Nikaacha kuhesabu pesa, nikahesabu majina. Kwenye orodha yangu ya Novemba yalikuwamo majina 9. Kwenye risiti nilikuta watu 23.

Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Matanga hayo niliyakalia mwezi hadi mwezi. Riba ya kadi ilikuwa asilimia 24 kwa mwaka, ambayo ni asilimia 2 kila mwezi, na ukiitamka hivyo haitishi. Lakini kuna hesabu ya mkato inayojulikana sana na watu wa fedha: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, utapata takriban muda ambao deni lisilolipwa litachukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 24 kwa mwaka ni miaka mitatu. Kwa ile mikopo ya haraka ya simu inayotoza asilimia 10 kwa mwezi, ni miezi saba na ushei. Miezi ya kwanza nilikuwa nalipa kile kiwango cha chini kilichoandikwa kwenye taarifa, nikijipongeza kwamba nalipa, kumbe sehemu kubwa ya malipo ilikuwa inaliwa na riba na deni lenyewe halisogei. Deni la zawadi za Desemba nililimaliza mwezi wa tisa. Mwanasesere yule alikuwa ameng'oka mkono tangu Februari.

Mwaka wa pili nilidhani dawa ni ukali. Nikashusha kikomo, nikaandika orodha fupi zaidi, nikajiapiza. Matokeo yakawa yale yale, na safari hii aibu ikaongezeka. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba kosa hili linajulikana. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza mwaka 1979: mtu anapokadiria jambo la mbele yake hulitazama kana kwamba kila kitu kitakwenda sawasawa, hata kama mara zote zilizopita hakikwenda. Dawa waliyoipendekeza ni kuacha kukisia na kutazama kumbukumbu za mara zilizopita. Nilipoelewa hilo nilitoa zile risiti za mwaka wa kwanza kwenye bahasha nilimokuwa nimezifungia kwa uchungu, nikazifanya bajeti. Yale majina 23 ndiyo yalikuwa ukweli wa maisha yetu. Majina 9 yalikuwa matamanio yangu.

Hapo ndipo daftari lilipoanza. Ni daftari la kawaida la mistari. Kila ukurasa una safu nne: jina, kiasi nilichomtengea, kiasi nilichotumia, na kilichobaki. Chini ya majina nikaweka fungu la vidogo vidogo, ndiyo yale ya karatasi, nauli, makato na betri, na nikalitengea moja ya tano ya bajeti nzima kwa sababu ndivyo risiti zilivyosema. Nilitaka kulipunguza. Mkono wangu ulikuwa tayari kuandika moja ya kumi. Nikaacha risiti ziseme.

Mwaka wa tatu niliacha kadi nyumbani, nikatoa pesa taslimu na kuzigawa kwenye bahasha, kila bahasha na jina lake. Sijui kama mtu ambaye hajawahi kufanya hivi anaweza kuelewa tofauti yake. Ukiwa dukani umeshika kitu, ukafungua bahasha na kuona noti mbili tu zimebaki, vidole vyenyewe vinasita. Kadi haina sauti hiyo. Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo cha MIT, Marekani, walichapisha mwaka 2001 majaribio ambamo watu walitakiwa kutaja bei ya juu kabisa ambayo wangetoa kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Kundi moja liliambiwa litalipa taslimu, jingine litalipa kwa kadi. Kwa wastani, kundi la kadi lilitaja zaidi ya maradufu ya kundi la taslimu, kwa tiketi zile zile. Niliposoma hayo niliikumbuka Desemba ya kwanza, jinsi nilivyokuwa naipitisha kadi kwenye mashine na kuondoka, pasipo kuhisi kwamba kuna kitu kimetoka kwangu.

Bahasha zilinisaidia sana, ila mwaka huo nao ulivunjika, na uliuvunja mume wangu. Alirudi nyumbani siku moja na kifaa cha muziki kwa ajili ya ndugu zake wadogo, amefurahi, anasema, "Mke wangu, nimeokoa asilimia 40." Ilikuwa siku ya punguzo. Nikamwambia asilimia 60 imetoka, na kwenye daftari haina jina. Tuligombana usiku ule. Yeye aliona nimemnyima furaha ya kuwapa nduguze. Mimi niliona amevunja ahadi. Tulipotulia, siku mbili baadaye, aliniuliza swali moja lililobaki nami: "Ahadi gani? Mimi hilo daftari sijawahi kuliona ndani."

Alikuwa anasema kweli. Nilikuwa nalihifadhi kwenye droo yangu ya nguo. Bajeti ya nyumba nzima ilikuwa inajulikana na mtu mmoja, na huyo mtu mmoja alikuwa anawakasirikia wengine kwa kutoifuata.

Mwaka wa nne nilianza kuweka akiba tangu Januari, na hili ningemshauri mtu yeyote hata kama hatafanya jingine lolote. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme zawadi zote zinafika nusu ya mshahara wa mwezi mmoja. Ukigawa kwa miezi 12, unatenga kama asilimia 4 tu kila mwezi. Ukisubiri hadi Oktoba, unabaki na miezi mitatu, na kila mwezi unapaswa kutoa karibu asilimia 17, wakati kodi na ada na bili hazikusubiri. Mwenzangu mmoja wa kazini alinishawishi nijiunge na mpango fulani wa kuchangia kila mwezi na kupewa vocha mwishoni mwa mwaka. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni habari ya kampuni ya Farepak ya Uingereza, iliyokuwa ikikusanya akiba za sikukuu kwa mtindo huo huo na kuanguka Oktoba 2006, wiki chache kabla ya Krismasi. Zaidi ya watu 100,000, wengi wao wa kipato cha chini, walibaki bila vocha na bila pesa zao. Basi nikafungua akaunti ya pili katika benki yangu mwenyewe, isiyo na kadi, nikaagiza pesa ihame kila siku ya mshahara kabla sijaigusa.

Kwa hiyo mwaka huo nilikuwa na orodha kamili, fungu la vidogo vidogo, bahasha, na akiba ya mwaka mzima. Na bado nilivuka.

Nilivuka kwa sababu ya dada yangu. Ni mkubwa wangu, ana watoto watatu, na kila mwaka familia zetu hukutana. Watoto wake walipofungua zawadi zangu na wangu wakafungua zawadi zake, niliona wazi kwamba za kwake ni kubwa. Hakuna aliyesema kitu. Lakini kesho yake nilitoka, nikanunua nyingine kwa ajili ya watoto wake, nikawapelekea nikisema eti zilichelewa kufika. Pesa hiyo nilichota kwenye fungu la ada ya shule. Nilipokuwa narudi nyumbani nilijua nimedanganya watoto kwa ajili ya kulinda sura yangu, na nilijua tena kwamba nilishafanya hivyo mwaka juzi na mwaka wa nyuma yake, kwa njia nyingine.

Novemba ya mwaka wa tano nilimpigia simu. Nilingoja hadi usiku, nikaketi kwenye ngazi za nje ili watoto wasisikie.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona usiku, kwema?"

Nikamwambia moja kwa moja, maana nilijua nikizunguka nitaishia kuuliza hali za watoto na kukata simu. Nikasema mwaka huu sitaweza kuwanunulia watoto kama miaka iliyopita, kwamba kuna kiasi nimekitenga na sitakivuka, na kwamba namwambia mapema asije akadhani nimekasirika au nimewasahau. Kukawa kimya. Nilisikia mlango ukifungwa upande wake. Alikuwa anatoka sebuleni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, mimi mwaka jana nilikopa ili nisipungukiwe mbele yako."

Sikuwa na la kusema. Nilishika simu tu. Kumbe kila mwaka mimi nilikuwa naongeza kwa kuwa yeye ameongeza, na yeye anaongeza kwa kuwa mimi nimeongeza, na kila mmoja alidhani mwenzake anafanya kwa raha zake. Tuliongea hadi salio langu likaisha, akanipigia yeye tukaendelea. Alinitajia kiasi anachodaiwa. Nami nikamtajia habari ya zile zawadi zilizochelewa kufika, kwamba hazikuchelewa. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nilijua." Katika yote niliyojifunza kuhusu bajeti, dakika zile za kwenye ngazi ndizo zilizonifaa kuliko hesabu yoyote, kwa sababu tangu usiku ule kikomo changu kilikuwa na mtu wa pili anayekijua, tena mtu yule yule ambaye kwa ajili yake nilikuwa nakivuka.

Yeye ndiye aliyependekeza kura. Katika ukoo wetu wa karibu tuko watu wazima 11. Kila mmoja akimnunulia kila mwenzake, hizo ni zawadi 110. Kila mmoja akichota jina moja tu, ni zawadi 11, na kila mtu anapata. Tulikubaliana pia kiwango ambacho hakuna atakayekizidi, na tukakiweka chini, tukimfikiria yule mwenye kipato kidogo kuliko wote bila kumtaja. Hilo nalitilia mkazo: kiwango kikipangwa na wenye nacho, mwenye kidogo hatasema kitu, atakwenda kukopa.

Hawakupokea wote kwa furaha. Shangazi yetu alinipigia akiwa na uchungu. "Mwanangu," aliniambia, "tangu lini undugu ukachezewa kura?" Nilikwenda kwake siku hiyo hiyo, maana jambo hilo halikuwa la simu. Nilimweleza madeni, yangu na ya dada kwa ruhusa yake. Alisikiliza, akanishika mkono, na bado akakataa kuingia kwenye kura. Alisema yeye atampa kila mtu alichonacho kama alivyozoea. Tukakubaliana hivyo: yeye anatoa anavyotaka, na hakuna anayelazimika kumrudishia. Sikuondoka pale nikiwa mshindi. Moyo wake ulikuwa umeumia, na sidhani umepona wote.

Kwa watoto nilitarajia vita. Tuliwaketisha, mimi na baba yao, daftari likiwa wazi mezani, tukawaambia kila mmoja achague zawadi moja anayoitaka kwa kweli. Mdogo akaniangalia kwa makini.

"Mama, pesa zimeisha?"

"Hazijaisha. Tumezipangia kazi."

"Kazi gani?"

Baba yake akamwonyesha kwa kidole, mstari kwa mstari: hii ya shule, hii ya nyumba, hii ya bibi akiugua, hii ya zawadi. Mtoto akafuata kidole hadi chini, akauliza kama ya bibi akiugua inaweza kuongezwa. Nilikuwa nimejiandaa kujibu machozi ya mwanasesere, sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

Binti yangu mkubwa, wakati huo ana miaka 12, aliomba awe ndiye anayeandika. Nikampa penseli. Kila nilichonunua nilimpa risiti, naye akakijaza kwenye safu ya tatu na kutoa. Ni yeye aliyegundua kwamba karatasi za kufungia, kadi na utepe peke yake vilikuwa vinazidi thamani ya zawadi yake mwenyewe. Hakulalamika. Alileta mezani magazeti ya zamani na kamba, akafunga zawadi zote, na kwenye kila moja akachora uso wa anayepewa. Mjomba wake alilikata gazeti lile kwa uangalifu pembeni mwa mchoro, akauweka kwenye pochi.

Nina jambo moja zaidi la kusema, nalo linamhusu mama yangu.

Miaka yote hiyo mama nilikuwa namnunulia shali. Ni zawadi rahisi kuamua, inaonekana ya heshima, na kila nilipompa aliipokea kwa mikono miwili na kuniombea dua. Mwaka ule wa tano nilikwenda kumsaidia kupanga chumba chake. Nilifungua sanduku la nguo lililo chini ya kitanda, na juu kabisa nikakuta shali nne, zote kwenye mifuko yake ya plastiki, zimekunjwa kama zilivyotoka dukani. Moja ilikuwa bado na kibandiko cha bei ambacho niliamini nilikibandua. Nikageuka kumwangalia. Alikuwa ameketi kitandani anajaribu kusoma karatasi ya dawa, na miwani yake, mkono mmoja wa fremu ulikuwa umekatika, umefungwa kwa uzi mweusi uliozungushwa mara nyingi hadi ukafanya kifundo. Kila alipoinamisha kichwa, miwani ilikaa upande. Alikuwa anaishikilia kwa kidole.

Nilimuuliza uzi ule una muda gani. Akasema, "Tangu mwaka juzi, mwanangu. Inafanya kazi."

Mwaka 1993 mchumi Joel Waldfogel alichapisha utafiti juu ya zawadi za sikukuu. Aliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wakadirie zawadi walizopewa ziligharimu kiasi gani, na wao wenyewe wangekuwa tayari kulipa kiasi gani kuzipata. Alikuta kwamba kati ya moja ya kumi na moja ya tatu ya thamani ilikuwa imepotea njiani, na iliyopotea zaidi ilitoka kwa ndugu wa mbali wasiowajua vizuri, si kwa marafiki wa karibu. Mimi sikuwa ndugu wa mbali kwa mama. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba nilimnunulia kama mtu wa mbali. Mwaka 2009 Francis Flynn na Gabrielle Adams nao walionyesha kwamba watoaji hudhani zawadi ya bei kubwa itathaminiwa zaidi, lakini kwa wapokeaji bei haikuongeza shukrani. Mama alinishukuru sawasawa kwa shali ya bei nafuu na kwa ile iliyonitia deni. Mimi tu ndiye niliyeziona tofauti.

Fremu mpya, na lenzi zile zile kuhamishiwa humo, iligharimu chini ya nusu ya shali ya mwisho. Alipoivaa alisoma karatasi ya dawa kwa sauti hadi mwisho, akaigeuza, akasoma na upande wa pili. Tangu hapo, kabla ya kuandika kiasi mbele ya jina lolote, tunajiuliza kwanza: mara ya mwisho nimemwona mtu huyu, alikuwa anahangaika na nini? Nikikosa jibu, napiga simu na kuuliza. Huko nyuma niliona kuuliza ni kuharibu zawadi. Sasa naona kutojua ndiko kunakoigharimu.

Mwaka wa tano tulimaliza chini ya kikomo kwa mara ya kwanza. Mwaka wa sita, yaani huu uliopita, tulimaliza kwenye kikomo hasa, na daftari lilikaa wazi juu ya kabati la sebuleni tangu Oktoba, kila anayepita analiona. Dada ana lake kama hilo. Mwezi wa kumi tuliketi pamoja tukalinganisha, tukasahihishana.

Kwenye ukurasa wa mwaka huo, chini ya majina yote, kulikuwa na mstari mmoja ambao safu ya jina tuliiacha tupu na safu ya kiasi tukaijaza. Ni wa yule ambaye hatujamjua bado: mgeni wa ghafla, jirani wa asubuhi, rafiki wa mpwa. Mwaka wa tano mstari huo ulitumika kabla ya sikukuu kufika. Safari hii siku zilipita, wageni walikuja na kuondoka, na ulibaki mtupu hadi mkesha.

Usiku huo nilimkuta binti yangu amesimama mbele ya kabati na penseli yake. Nilidhani anajumlisha. Nilipokaribia niliona ameandika kwenye ule mstari jina la shangazi yangu.

"Yeye amempa kila mtu," alisema. "Na kwenye kura hayumo."

Nikatoa bahasha ya mwisho, nikampa ahesabu pesa mwenyewe.